Mteja Hajakosea, Kitufe Chako Ndicho Kidogo

Leo tuache kidogo mambo ya kapsheni na matangazo ya kulipia. Tuongelee kitu ambacho wengi wetu hatukipi uzito: zile sentimita chache za kioo cha simu ambazo kidole cha mteja kinapita kabla oda haijafika kwako.

Kuna kauli naiona kila siku kwenye magrupu ya wauzaji: "Wateja wengine bwana, hata kubonyeza hawajui." Muuzaji katuma linki ya oda, mteja kafungua linki nyingine. Mteja kasema anataka saizi L, fomu imeleta M. Mteja kaingia kulipa, kikapu kimefutika chote. Tunacheka, tunamuita mshamba, tunaendelea na mwingine.

Mimi nasema hivi: mara nyingi huyo mteja tunamuonea. Kosa ni la aliyepanga vitufe, yaani wewe na mimi. Na hili si la kubahatisha, lina hesabu yake ambayo watu wanaitumia tangu 1954.

Kabla ya wateja, walilaumiwa marubani

Paul Fitts alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na jeshi la anga. Mwaka 1947 yeye na mwenzake Richard Jones walichambua visa 460 vya makosa ya marubani katika kutumia vidhibiti vya ndege. Visa vya namna hiyo vilikuwa vinaitwa "kosa la rubani" na mjadala unaishia hapo.

Hao wawili hawakuishia hapo. Walipoyapanga makosa kwa makundi, kundi kubwa zaidi lilikuwa la rubani kushika kidhibiti kimoja akidhani ni kingine. Kwa mfano, anataka mpini wa flapu za mabawa, anavuta mpini wa magurudumu. Mtu mwenye mafunzo na akili zake timamu, ila ana haraka na vitu vimekaa jirani vinafanana. Somo lililotoka pale ni kwamba makosa mengi yanapungua ukibadilisha mpangilio wa vidhibiti, bila kumbadilisha rubani.

Sasa jiulize. Kama rubani wa jeshi anakosea kwa sababu ya mpangilio, wewe unategemea nini kwa mama aliyesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu, na gumba ndilo linalotafuta neno "Agiza"?

Jaribio la 1954

Mwaka 1954 Fitts alichapisha jaribio lililokuja kumpa jina. Aliweka vibao viwili vya chuma mezani, akampa mtu kijiti cha chuma, akamwambia agonge kibao hiki, kisha kile, kwenda na kurudi, haraka awezavyo lakini bila kukosa. Kisha akawa anabadilisha vitu viwili tu: umbali kati ya vibao na upana wa kila kibao.

Vibao vikiwa vipana na vimekaribiana, upana sentimita 5 hivi na umbali sentimita 5 hivi, kila mgongo ulichukua takriban sekunde 0.18. Vikiwa vyembamba na viko mbali, upana milimita 6 hivi na umbali sentimita 40 hivi, kila mgongo ulichukua takriban sekunde 0.73. Mara nne zaidi. Mtu ni yule yule, mkono ni ule ule.

Kilichomfanya Fitts akumbukwe ni kwamba muda huo unaweza kuukadiria kabla mtu hajagusa kitu. Unahitaji umbali na upana tu. Hesabu yake si ngumu, twende taratibu.

Chukua umbali, zidisha kwa 2, gawanya kwa upana wa kitufe. Jibu ulilopata, jiulize: nikianza na 1, naongeza mara mbili mara ngapi mpaka nilifikie? Hizo mara ndizo hatua za ugumu.

Mfano. Kidole kipo sentimita 8 kutoka kwenye kitufe, na kitufe kina upana wa sentimita 1. 8 mara 2 ni 16, gawanya kwa 1 ni 16. Kutoka 1 kwenda 2, 4, 8, 16. Hatua 4. Sasa punguza kitufe kiwe nusu sentimita. 16 gawanya kwa 0.5 ni 32. Hatua 5. Umeongeza ugumu hatua moja kwa kukata kitufe nusu. Ungekiacha kitufe kilivyo na kukipeleka mbali mara mbili, ungepata hatua 5 zile zile.

Kila hatua inaongeza muda unaokaribia kulingana. Mwaka 1978 Stuart Card, William English na Betty Burr, kwenye maabara ya Xerox kule California, walipima kipanya cha kompyuta pamoja na vifaa vingine vya kuelekezea. Kipanya kilifuata hesabu ile ile, na kila hatua iligharimu takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, karibu sawa na mkono mtupu. Kwa lugha nyingine, kipanya kilikuwa kimeshafika karibu na uwezo wa mkono wenyewe. Kuanzia hapo watengenezaji wa programu wakawa na rula ya kupimia vitufe kabla ya kuwapa watu.

"Sehemu ya kumi ya sekunde? Acha masihara"

Najua kuna mtu ameshasema hivyo. Na yuko sahihi nusu. Hakuna mteja anayekimbia kwa sababu kitufe chako kimemchelewesha kwa kupepesa jicho.

Nusu ya pili ndiyo inayokula hela yako. Fitts aliwaambia watu wake wasikose, wapunguze mwendo ikibidi. Mteja wako hakuna aliyemwambia hivyo. Yeye anapitisha kidole kwa mwendo aliouzoea. Kitufe kikidai muda zaidi ya ule anaoutoa, muda hauongezeki, makosa ndiyo yanaongezeka. Kile kidogo ulichokosa kwenye ukubwa kinarudi kama kidole kilichotua pembeni.

Na kidole kikitua pembeni, gharama haihesabiwi tena kwa sekunde. Ukurasa mwingine umefunguka, bando linaliwa, mteja anarudi nyuma, anaanza upya au anaacha. Au mbaya zaidi: hajagundua kwamba kachagua M badala ya L, wewe umefunga mzigo, bodaboda kaupeleka, kaurudisha. Nauli mara mbili, na komenti ya "hawa sio waaminifu" juu yake.

Hapo ndipo ninapopingana na wauzaji wanaosema "mteja akitaka kitu atakitafuta tu." Mteja wako wa siku zote, sawa, atakitafuta. Mteja mpya hakujui. Juu yako kuna muuzaji, chini yako kuna muuzaji, na wote wana gauni lile lile.

Kidole si kipanya

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Jaribio la vibao lilitumia kijiti chembamba, na kipanya kina mshale wenye ncha. Gumba halina ncha. Tena likishuka linafunika kile kile linachokilenga, mtu anagusa bila kuona. Ndiyo maana kwenye simu, kitufe kinachotosha kwa kipanya kinaweza kuwa mateso.

Mwaka 2006 watafiti Pekka Parhi, Amy Karlson na Benjamin Bederson walipima watu wakigusa kioo kidogo kwa gumba, mkono mmoja. Walipendekeza kitufe kisipungue milimita 9.2 kwa kugusa mara moja, na milimita 9.6 pale unapogusa vitu mfululizo, kama kuandika namba. Mwongozo wa Google kwa watengenezaji wa programu za Android nao unadai eneo la kugusa la milimita 9 hivi kila upande. Watu tofauti, ila wanakutana jirani: karibu sentimita 1.

Na hilo la mkono mmoja si hadithi. Mwaka 2013 mbunifu Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuangalia watu 1,333 wakitumia simu mitaani, kwenye mabasi, popote walipo. Kati ya wale waliokuwa wakigusa kioo, asilimia 49 walikuwa wameishika na kuigusa kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo chukua rula ya mwanao ya shule, iweke juu ya kioo cha simu yako, pima kitufe chako cha kuagiza. Kama ni milimita 4, usinilaumu mimi.

Zingatia pia kwamba kinachohesabika ni upande mfupi. Linki inaweza kuwa ndefu kuvuka kioo kizima, lakini kama urefu wake wa juu kwenda chini ni milimita 3, gumba linalotoka chini linalenga milimita 3. Linki tatu zilizobanana ni kama mistari mitatu ya sindano.

Habari njema ni hii: pale kitu kilipo kidogo sana, milimita chache zinasaidia kupita kiasi. Kutoka milimita 3 kwenda 6 umepunguza hatua nzima kwa kuongeza milimita 3 tu. Kutoka 12 kwenda 24 ni hatua ile ile moja, ila umekula kioo milimita 12. Kwa hiyo usijaze kioo kwa kitufe kimoja kama bango la mkutano wa hadhara. Fika sentimita 1 na ushee, kisha nafasi iliyobaki iache kwa picha na bei.

Ufanye nini kwenye duka lako

Wengi wetu hatuna tovuti wala fundi wa programu. Tuna WhatsApp, Instagram, Facebook na fomu ya bure. Hata hapo kuna mengi yaliyo mikononi mwako.

1. Namba iliyo ndani ya picha haigusiki. Bango zuri lenye namba kubwa ya simu ni kazi bure kwa mtu aliye kwenye simu, maana anatakiwa aikariri kisha aiandike tarakimu moja moja. Weka namba kwenye maandishi chini ya picha pia, au linki ya wa.me inayofungua chati yako moja kwa moja.

2. Usibananishe linki. Ukituma linki ya katalogi, ya lokesheni na ya malipo kwenye ujumbe mmoja, acha mstari mtupu katikati, au bora zaidi tuma kila moja kwa ujumbe wake. Na kama mteja anahitaji moja tu kwa sasa, tuma hiyo moja.

3. Lipa namba itume peke yake. Kwenye WhatsApp, mteja akibonyeza ujumbe kwa muda na kunakili, ananakili ujumbe mzima. Ukimuandikia "Lipa kwa namba hii, jina litatokea fulani, ukishalipa nitumie meseji", atanakili risala yote, kisha aanze kuvuta vile vialama vidogo vya kuchagua maandishi, ambavyo ni kati ya vitu vigumu kulenga kwenye simu. Tuma maelezo kwenye ujumbe mmoja, namba tupu kwenye ujumbe wa pili. Kagusa, kanakili, kalipa.

4. Stika ya linki kwenye stori za Instagram, ikuze na uiweke katikati. Watu wengi huiacha ndogo pembeni "isiharibu picha". Lakini pembeni ya stori ndipo mtu anapogusa kwenda mbele au kurudi nyuma. Akikosa stika kwa milimita 3, keshatupwa kwenye stori nyingine.

5. Kwenye fomu ya oda, tenganisha vitu vinavyofanana. Saizi S, M, L, XL zikiwa kwenye mstari mmoja zimebanana, unamrudisha yule rubani wa mipini miwili. Ziweke moja chini ya nyingine, zenye nafasi. Halafu mwisho wa fomu muoneshe alichochagua kabla hajathibitisha.

6. Vitu vya hatari vipeleke mbali. Hesabu ya Fitts inafanya kazi pande zote mbili. "Lipa" iwe kubwa na karibu na gumba. "Futa kikapu" iwe mbali nayo, na iulize "una uhakika?" kabla ya kufuta. Kama una fundi anayekutengenezea tovuti, hili mwambie siku ya kwanza.

7. Mwambie huyo fundi pia kwamba kitufe kisihame. Kwenye bando la kusuasua, maandishi hutokea kwanza, picha baadaye, na picha ikitokea inasukuma kitufe chini wakati kidole kimeshaanza safari. Hapo hata Fitts mwenyewe angekosa. Nafasi ya picha itengwe mapema.

8. Eneo la kugusa linaweza kuwa kubwa kuliko maandishi. Neno "Agiza" likiwa dogo si tatizo, mradi kisanduku chote kinachozunguka neno kinaitikia kidole. Kuna tovuti nzuri kwa macho ambazo ukigusa pembeni ya herufi, hakuna kitu.

Usiigeuze mtego

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kuna watu wanaijua hesabu hii vizuri na wanaitumia kinyume. Umeshaona tangazo lenye alama ya X ya kufungia ndogo kama kichwa cha njiti, ukiigusa unafungua tangazo lenyewe. Umeshaona "Kubali" iko kubwa ya kijani, na "Hapana" imeandikwa kijivu kwa herufi za kutafutwa kwa tochi. Hiyo si bahati mbaya. Mtu alikaa akapanga ukose.

Najua wapo wanaofundisha hizo kama mbinu za mauzo. Mimi nakataa. Kampuni kubwa inaweza kuvumilia watu elfu kumi wakiilaani. Wewe unaishi kwa watu mia mbili wanaojuana, wenye grupu la mtaa, la kanisa au la madrasa, na la wazazi wa shule. Oda iliyopatikana kwa kidole kuteleza ni mzigo utakaorudi, hela utakayorejesha na jina litakaloharibika. Kitufe cha kughairi kionekane, kifikike. Mteja aliyeghairi kwa urahisi anarudi. Aliyenasa haji tena.

Hesabu hii isipokufika

Tusidanganyane. Fitts anakukadiria muda wa mkono kufika baada ya mtu kuona kitufe na kuamua kukigusa. Hakukadirii kama atakiona. Hakukadirii muda wa kusoma, wala wa kuchagua kati ya madera ishirini. Na hakujui kama anakuamini.

Ukificha bei na kuandika "njoo inboksi", kitufe cha sentimita 3 hakitakuokoa. Picha ikiwa na giza, hakitakuokoa. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: bei ionekane, picha iwe ya kweli, maelezo yawe mafupi, kisha kitufe. Lakini ukishafanya kazi yote hiyo ngumu ya kumfanya mtu aamue kukupa hela yake, kumpoteza kwenye milimita za mwisho ni hasara ya kizembe kuliko zote. Umempikia mgeni pilau, halafu umemnyima pa kukaa.

Jaribu wiki hii

Huhitaji maabara. Tafuta watu watano ambao hawajawahi kununua kwako. Mmoja awe mtu mzima, shangazi au mzee wa jirani. Wape linki yako, waambie wanunue kitu kimoja, wakiwa wamesimama, kwa mkono mmoja, nje kwenye jua. Wewe kaa kimya. Usielekeze, usiseme "hapo hapo, chini kidogo." Hesabu tu ni mara ngapi kidole kimetua pasipotakiwa, na andika ni wapi.

Sehemu moja ikiwashinda wawili kati ya watano, acha kuwaita washamba. Pima kwa rula, ongeza milimita, sogeza jirani zake, kisha rudia na watu wengine watano. Ni kazi ya jioni moja na haina gharama.

Na siku nyingine ukitaka kuandika "mteja hata kubonyeza hajui", kwanza fungua duka lako mwenyewe kwa gumba moja, ukiwa na haraka. Ukishafika hadi kulipa bila kukosa hata mara moja, ndipo uandike.

Wewe kwenye ukurasa wako, ni sehemu gani wateja wanakosea sana? Tuandikie kwenye maoni tusaidiane, na mtumie muuzaji mwenzako mwenye linki tano zilizobanana.